Harufu ya Mafuta Kwenye Kikomeo

Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu,

Nimemficha mama yako ukweli, nikamficha baba yako mpaka akaingia kaburini, na wewe nimekuficha tangu ulipokuwa hujui kufunga kamba za viatu. Kisu cha kukunja kilichomkata baba yako mkono hakikuharibiwa na mama yako. Kikomeo chake kilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na aliyekibuni kikomeo hicho ni mimi.

Najua hujapata barua yangu tangu msiba wa baba yako, na ile nayo hukuijibu. Sikulaumu. Ningekuwa na muda ningeanza kwa kukujulia hali, nikuulize habari za kazi yako ya miwani, halafu nifike taratibu ninapotaka kufika. Muda sina. Moyo wangu umechoka, na hayo si maneno ya kishairi, ni maneno ya daktari. Miguu imevimba hadi magotini. Nalala nimekaa, maana nikilala chali najiona kama mtu anayezama ndani ya godoro lake mwenyewe. Daktari alikuwa akinidanganya kwa upole. Juzi ameacha kunidanganya.

Nakuandikia kwa siri. Mama yako yuko jikoni, anafungua na kufunga kabati. Kabati lenyewe halilii, kwa sababu unamjua: tangu utoto wetu hakuna bawaba iliyolia mbele yake ikasalimika. Muuguzi anayekuja kunipima presha ndiye atakayeibeba barua hii.

Nina ombi moja tu. Njoo umchukue mama yako kabla sijafa. Nyumba hii si yangu, nikifunga macho itarudi kwa wenyewe. Hana mtoto mwingine, na ndugu aliyebaki ndiye huyu anayeandika mistari inayopanda na kushuka. Yeye mwenyewe hatakuomba. Anasema mtu aliyemlemaza baba hana uso wa kumwomba mtoto. Uso huo, mpwa wangu, haukupotea bure. Nisaidie nimrudishie.

Mjomba wako


Tarehe 11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako dukani, nimesimama, na mteja akasubiri miwani yake mpaka akaanza kukohoa makusudi.

Nitasema wazi kwa sababu na wewe umesema unataka uwazi. Nilikua namfunga baba vifungo vya shati. Mkono wa kulia vidole viwili vilikuwa vimenyooka kama vijiti, havikunjiki. Mtu aliyekuwa akichora majani na ndege kwenye kipini cha fedha, watu wakatumia lenzi kuhesabu manyoya, alimaliza maisha yake akichapa majina kwenye vibao vya milangoni kwa mashine. Nikimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Kikomeo cha Profesa hakina kosa. Mkono wa mama yako ndio una kosa. Alikipaka mafuta." Alikuita Profesa mpaka mwisho. Hakuwahi kukusema vibaya hata siku moja. Sasa unaniambia alimsema vibaya mtu asiyestahili?

Kisu ninacho. Baba alikikunja ndani ya leso, akakiweka kwenye droo ya chini, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Baada ya barua yako nimekitoa. Nakiri ni kizuri. Nimekifungua, kikalia ule mlio wake, tak. Nimekishika kipini, nikausukuma ubapa kwa kiganja cha mkono wa pili, nikajikaza kisawasawa. Haukurudi. Umeshika kama ukuta.

Kwa hiyo kasoro iko wapi? Mimi siyo mtoto tena, Mjomba. Nikidhani unataka kufa ukiwa umembebea dada yako mzigo, nitakuheshimu kwa hilo, lakini siji. Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako. Hicho kikomeo kinafanyaje kazi, na kilikosea nini?

Mpwa wako


Tarehe 19 Machi

Mpwa wangu,

Usikisukume tena kwa kiganja! Nilipofika hapo kwenye barua yako moyo ulinikimbia, muuguzi akadhani mashine yake imeharibika. Kifunge, kirudishe kwenye leso. Ukitaka kukijaribu, kibane kipini kwenye jiliwa, vidole vyako viwe mbali, na ugonge mgongo wa ubapa kwa kipande cha mti. Niahidi.

Sasa nikueleze. Kisu cha kukunja ni kisu chenye siri moja: lazima ukiamini. Kisu cha kawaida kimenyooka maisha yake yote. Hiki kimenyooka kwa sababu kuna kitu ndani kimekizuia kujikunja. Kitu hicho ndicho mafundi tunagombania.

Kuna kile kisicho na kikomeo kabisa, kina springi tu mgongoni. Baba yako alikipenda hicho. Alisema, "Hiki ni kisu muungwana, kinakwambia mapema kwamba kinaweza kujikunja, basi unakaa nacho kwa adabu." Kuna kikomeo cha mgongo: pau ya chuma inapita juu ya kipini, mwisho wake una jino, na ubapa ukifunguka jino linadumbukia kwenye pengo. Kadiri unavyokibana kisu mkononi, ndivyo jino linavyozidi kuzama. Kina nguvu, lakini kukifunga unataka mikono miwili na subira. Kuna cha pete, unaizungusha shingoni mwa kipini mpaka mlango wa ubapa unazibwa. Hicho ni salama, lakini usipoikumbuka pete huna kitu.

Halafu kuna cha bamba, ambacho ndicho nilichokipenda mimi. Ndani ya kipini kuna bamba jembamba lililopindwa kidogo. Ubapa ukifunguka, bamba linaruka pembeni, linasimama nyuma ya mkia wa ubapa, linasema hupiti. Ukitaka kufunga unalisukuma kwa kidole gumba, mkono mmoja tu, na mlio wake ukiusikia, wewe mwenyewe utaupenda. Wakusanyaji wa visu wanakipenda kwa hilo. Mkusanyaji hakati kitu. Anakaa na kisu sebuleni anakifungua na kukifunga kama mtoto na swichi ya taa.

Kila kitu kwenye kikomeo hiki kiko pale bamba linapogusana na mkia wa ubapa. Mguso ule lazima uwe na mteremko. Mteremko ukiwa mdogo, bamba linanata, unasukuma mpaka ukucha unauma. Ukizidi, bamba linaweza kuteleza. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba kuliko unywele wako, na fundi anaitafuta kwa tupa na msasa.

Tuligombana sana, mimi na baba yako, juu ya kisu kile. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja, yeye dirishani na nakshi zake, mimi mlangoni na vyuma vyangu. Akaniambia, "Shemeji, weka cha mgongo tulale usingizi."

Nikamwambia, "Cha mgongo ni cha babu zetu. Mteja anataka kitu cha kisasa."

"Mteja anataka kitu cha kulia tak. Mnunulie kengele."

"Wewe chora ndege wako, kikomeo niachie."

"Nakuachia, Profesa. Ila vidole ni vyangu."

Tulicheka. Mama yako alikuwa ameleta chai, akacheka na yeye, akasema tukigombana zaidi atatupaka mafuta wote wawili.

Basi mteremko niliuzidisha. Sikujua mpaka yalipotokea. Baba yako alikuwa anakata ngozi ya kutengenezea ala ya kisu hichohicho. Ncha ikakwama kwenye ngozi, akaikandamiza, bamba likateleza, ubapa ukamrudia vidoleni ukakata kano. Mafuta hayakuwa na nafasi hapo. Ni hesabu zangu.

Hiyo ndiyo kasoro. Njoo, nakusihi. Mama yako ameanza kukunja nguo zake na kuziweka kwenye mfuko, anadhani sioni. Anajiandaa kuondoka nikishaondoka, na hana pa kwenda.

Mjomba wako


Tarehe 22 Machi

Binti yangu,

Nakuandikia kwa kifupi kwa sababu sijui kama barua yangu utaifungua.

Nilikuwa nabadilisha shuka za mjomba wako nikakuta barua yako chini ya mto. Sikutaka kuisoma, lakini niliuona mwandiko wako, na mwandiko wako sijauona tangu ulipokuwa unaandika herufi kubwa zinazoegemeana kama walevi. Nimeisoma. Unisamehe.

Mjomba wako yuko mahututi. Anakula vijiko viwili vya uji, anasema ameshiba, halafu ananiuliza kama nimekula mimi. Usiku anahema kama mtu aliyepanda ngazi. Watu wakifika hapo wanatafuta dhambi ya kujipa. Hana kosa. Mafuta niliyapaka mimi. Ile chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa haitoki mkononi, wewe mwenyewe baba yako alikuwa akikuambia "mama yako akikukuta unalia atakupaka". Nilipaka mikasi, nilipaka bawaba, nilipaka pampu ya baiskeli. Visu vilikuwa mezani. Sikumbuki kukipaka kile, lakini sikumbuki pia kuvipaka vingine, na vyote vilikuwa vinang'aa. Mjomba wako mwenyewe alikinusa kisu mbele yetu akasema kimepakwa mafuta, na fundi hawezi kudanganywa na pua yake.

Aliponipokea nilikuwa nimefukuzwa na baba yako, watu wananiangalia kama mwizi. Hakuniuliza neno. Kanionyesha chumba, kanipa ufunguo. Mtu kama huyo usimtese kwa maswali. Mwandikie umemsamehe, basi, hata kama hujui unamsamehe nini. Na mimi usinifikirie. Nitapata pa kukaa.

Mama yako


Tarehe 29 Machi

Mjomba,

Nimepata barua ya Mama, na yeye anasema mafuta aliyapaka. Anasema wewe ndiye uliyekinusa ukathibitisha. Hilo kwenye barua zako halimo.

Nikae nikufikirie wewe ni mtu mwema anayesema uongo, au Mama ni mtu mwema anayesema uongo? Maana mmoja wenu anasema uongo, na wote mnaufanya kwa upendo mpaka kichwa kinaniuma. Mimi nimekula chumvi ya hasira hii tangu utoto. Nilikataa kumwalika Mama siku yangu ya harusi. Alisimama nje ya geti na zawadi ndani ya gazeti, nikamwambia mlinzi hatumfahamu. Unaelewa ninachokuomba unapoomba nije? Unaniomba niwe mtu aliyemfanyia mama yake hivyo bure.

Basi nimefanya ulivyosema. Tuna jiliwa dogo dukani, la kubania fremu. Nimekibana kipini, nimeweka vidole mbali, nimegonga mgongo wa ubapa kwa mpini wa nyundo. Mara ya kwanza ukashika. Mara ya pili bamba likaruka pembeni bila kelele, na ubapa ukajikunja. Nilikaa chini sakafuni. Nilimwona baba.

Nilitaka kukuandikia palepale kwamba nakuja. Lakini kazi yangu ni kuangalia vitu vidogo, na mazoea mabaya hayaachi mtu. Nikachukua bisibisi ya skrubu za miwani, nikakifungua kisu chote, nikaliweka bamba chini ya lenzi. Pale linapogusana na mkia wa ubapa kuna utando wa kijivu unaong'aa. Siyo kutu. Siyo mafuta pia. Nimeufuta kwa pamba kavu, na pamba imekuwa nyeusi kama kidole cha mwanafunzi. Nikafuta mpaka chuma kikabaki cheupe. Nikakiunga kisu upya, nikakirudisha kwenye jiliwa, nikagonga. Nimegonga mpaka bosi akaja kuuliza kuna nini. Mjomba, kimeshika. Tena kinanata, nimelisukuma bamba kwa bisibisi ndipo likaachia.

Kwa hiyo mteremko wako peke yake haukumkata baba. Kuna kitu kilichopakwa. Umeniandikia kurasa nzuri juu ya pete na pau na springi, na hilo umelipita kama mtu anayemkwepa mdai barabarani.

Hicho kitu cha kijivu ni nini? Na ni nani aliyekipaka?

Mpwa wako


Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Mkono haushiki kalamu vizuri. Nimeandika mstari huu mara nyingi.

Njoo. Nitakueleza uso kwa uso, mambo mengine hayaandikiki. Mama yako hana kosa, hilo lishike. Mengine yangoje. Mtu anayekufa akisema njoo, watu huja. Nakuomba kama mtoto, usiniache na jambo hili.

Maji yamenifika shingoni. Njoo.

Mjomba


Tarehe 5 Aprili

Mjomba,

Likizo nimeomba, nimepewa. Begi liko mlangoni. Chumba cha nyuma nimekisafisha, nimeweka kitanda. Kilichobaki ni jibu lako.

Siji niketi kando ya kitanda, nilie, nikushike mkono, halafu uondoke na neno lenyewe. Baba aliondoka na neno. Mama anaishi bila neno. Nataka liandikwe.

Kama mkono haushiki kalamu, yupo mtu mwenye mwandiko mzuri hapo nyumbani. Mwambie akae, wewe useme, yeye aandike.

Najua ninachokuomba. Ndiyo maana nakuomba hicho.

Mpwa wako


Tarehe 9 Aprili

Binti yangu,

Mwandiko huu unaujua. Mjomba wako anasema, mimi naandika. Amenikataza kubadilisha neno, na amenikataza kubisha. Nimemwambia leo mimi ni karani, siyo dada. Amecheka kidogo, kikohozi kikamkamata. Sasa anaanza.

Mpwa wangu, umenishika pabaya, na nakushukuru. Nilikuwa nimepanga kufa katikati ya sentensi.

Kisu kile kilikuwa cha mkusanyaji mmoja aliyekuwa na sanduku lenye vitanda vya mahameli, kila kisu na kitanda chake. Alikuja kukiangalia kabla hakijakamilika. Akakifungua, tak, akatabasamu. Akataka kukifunga, bamba likanata. Akasukuma kwa kidole gumba mpaka uso ukabadilika. Akakiweka mezani akasema, "Fundi, hiki kinanigombeza." Akasema atarudi kesho asubuhi, kikiwa vilevile anakwenda kwa mwingine.

Baba yako aliniambia, "Kirudishe kwenye msasa, shemeji. Mwambie asubiri. Atasubiri tu, ndege wangu hawapati kwingine." Alikuwa na haki. Nilikirudisha kwenye tupa, nikaongeza mteremko kwa haraka, nikauzidisha, na bado kikanata, kwa sababu kilichotakiwa hakikuwa mteremko, kilikuwa ni kulainisha chuma pole pole. Sikuwa na subira. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa Profesa, na mtu mwenye sanduku la mahameli alikuwa amenigombeza mbele ya shemeji yangu.

Iko hila ambayo kila fundi wa visu vya maonyesho anaijua na hakuna anayeitaja. Unachukua penseli, unapaka risasi yake pale bamba linapogusana na ubapa. Kunata kunakwisha palepale. Kisu kinafunguka na kufungika kama pumzi. Kwa kisu kitakacholala kwenye mahameli hakuna ubaya. Kwa kisu kitakachokata ngozi, chenye mteremko uliozidi, ni sawa na kuweka sabuni kwenye ngazi.

Nilipaka. Nikampa baba yako akijaribu. Akakifungua, akakifunga kwa kidole kimoja, akanitazama. "Profesa," akasema, "leo nimekubali. Umefanyaje?"

Nikamwambia, "Hesabu."

Alifurahi, mpwa wangu. Alifurahi kama kisu ni chake. Akasema kisu chenye kikomeo kama hiki kinastahili kujikatia ala yake chenyewe. Nilimwona anachukua ngozi. Nilimwona anakifungua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie atumie kingine, nikafikiri ataniuliza kwa nini.

Hapa ni mimi, mama yako. Nimempa maji. Nimemuuliza mimi, sio yeye aliyeniambia niandike, nimemuuliza: Kaka, una hakika? Maana mimi naiona chupa mkononi mwangu. Naiona kabisa.

Anasema: "Chupa ulikuwa unaishika kila siku. Unaiona kwa sababu nilikwambia uione. Kisu hukukigusa. Tangu nilipokipaka kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, kikatoka hapo kikaingia mkononi mwa mumeo."

Nimeinuka, nimekwenda jikoni. Nimesimama mbele ya kabati. Nimerudi. Anasema kama siwezi, tumwite muuguzi aandike. Nimemwambia kalamu ninayo. Tuendelee.

Mwandikie hivi. Siku waliyomtoa hospitali tulikuwa watatu mezani. Baba yako na bandeji hadi kwenye kiwiko. Mama yako amesimama na kitambaa cha jikoni begani. Wewe ulikuwa chini ya meza unacheza na vipande vya ngozi. Baba yako akakiweka kisu mbele yangu, akasema, "Profesa, niambie. Wewe ndiye unayejua. Kwa nini kilinifanya hivi?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mwanafunzi. Nafikiri angenisamehe. Hilo ndilo linaloniua kuliko moyo huu uliojaa maji: angenisamehe, angenitania maisha yangu yote, na mama yako angekuwa nyumbani kwake.

Dirishani kulikuwa na ile chupa ya mafuta.

Mama yako alipokuja kwangu na mfuko wake, amefukuzwa, majirani walinisifu kwa kumpokea. Nilikula chakula cha mikono yake. Alinifulia, aliniuguza, alinichekesha. Kila bawaba ya nyumba hii imepakwa mafuta na yeye, na kila nilipofungua mlango bila kusikia kelele nilijua kwa nini. Sikuoa, nikasema ni kwa sababu ya kazi. Sikuwa na haja ya kuoa. Nilikuwa na mtu wa kunitunza, aliyeamini kwamba ana deni kwangu.

Anauliza kama nimeandika yote. Nimemwambia yote. Ananiuliza kama nitakaa naye mpaka ufike. Nimemwambia kwanza tumalize kazi. Anasema weka sahihi yangu sasa, nguvu zikiwa bado zipo, halafu kuna neno moja la kuandika chini yake. Namshikia mkono aweke mwenyewe.

Mjomba wako

Sikunusa mafuta yoyote. Nilikiinua kisu puani mbele ya mume na mke, nikavuta pumzi, nikasema, "Hii ni harufu ya mafuta ya cherehani," na wakati nasema hivyo penseli niliyokipakia ilikuwa bado imechomekwa nyuma ya sikio langu.